Mwalimu Mwanatabu na Mtihani wa Adhuhuri

Jumatatu tarehe 30 Novemba 1998, Mwalimu Mwanatabu Mwidani atastaafu baada ya kufundisha biashara katika tawi letu la Likoni kwa miaka kumi na minane. Alipoanza, mwaka 1980, neno ujasiriamali lilikuwa bado halijatufikia. Somo liliitwa Mbinu za Biashara, chuo kilikuwa vyumba vichache vya mabati huko Timbwani, na chuo kikuu kilichokuja kutumeza baadaye hakikujua kama tupo duniani.

Mimi nafundisha uhasibu, na wahasibu hatuna mazoea ya kustaajabu. Wasomaji wa jarida hili wanistahimili, basi, maana kwa mama huyu nimestaajabu tangu nilipoajiriwa mwaka 1986 na bado sijamaliza.

Mwalimu ni mzaliwa wa Mtongwe, binti wa wakulima wa minazi na mihogo. Alisomea biashara Nairobi, akarudi na shahada na masanduku ya vitabu yaliyomtoa jasho kwenye feri. Vitabu vile alivifundisha mwaka mmoja kama vilivyo. Wanafunzi wake wakajua kuandika mipango ya biashara yenye majedwali ya kupendeza macho, lakini alipowapeleka sokoni hakuna mfanyabiashara aliyewakaribisha hata kwenye kigoda. Mwalimu hakuwalaumu wafanyabiashara. Aliketi akafikiri, na muhula uliofuata akaja na mtihani ambao sijausikia katika chuo kingine chochote.

Desturi ya soko letu inajulikana. Adhana ya adhuhuri ikisikika, mwenye duka hafungi mlango. Humwambia jirani amshikie, naye akaenda zake msikitini. Jirani huyo, hata kama anauza vitu vile vile, atamuuzia mteja wa mwenziwe mali ya mwenziwe kwa bei ya mwenziwe. Mwalimu Mwanatabu alichukua desturi hiyo akaifanya mtihani: kabla ya mwaka kwisha, mwanafunzi awe ameachiwa duka na mtu ambaye si jamaa yake. Akiachiwa, amefaulu. Asipoachiwa, arudie mwaka, hata kama karatasi zake zote zimejaa alama za juu.

Tulicheka sana katika chumba cha walimu. Tulidhani ni mtihani wa bure. Kumbe wanafunzi walikuwa wakiuogopa kuliko hesabu zangu, na mimi nina sifa mbaya.

Alikuwapo Boga, kijana mwerevu, aliyepiga hesabu kwamba fursa hutokea adhuhuri tu. Basi kila adhuhuri alikuwa akizunguka milangoni huku akitabasamu. Baada ya wiki mbili wafanyabiashara walianza kununua kufuli. Alikuwapo pia Hadi, wa ukoo wa maduka makubwa ya kisiwani, ambaye siku ya kwanza kabisa alikuja kutangaza kwamba amefaulu, kumbe ameachiwa duka la ami yake. Mwalimu alimwambia ami hupenda, hapimi, akamrudisha sokoni akaanze na salamu. Hadi alirudia mwaka. Leo ana maduka yake mwenyewe Changamwe, na kila Idi humletea Mwalimu halua.

Wa kunifunza mimi alikuwa Fondo. Huyu aliachiwa kibanda cha vitunguu na mzee mmoja aliyekuwa hamwamini hata mkwewe. Fondo, kwa furaha, akapunguza bei. Mzee alipotoka kuswali alikuta gunia tupu, na kijana amesimama kando yake akingoja kupongezwa. Mimi ningempa alama zote, maana mauzo yale darasani kwangu yangepigiwa makofi. Mwalimu alimwangusha. Wateja wa mzee walikuja alasiri wakakosa, wakahamia kwingine, na waliobahatika adhuhuri ile walitaka bei ya Fondo hadi mfungo wa Ramadhani. Fondo alikuwa ameuza kwa jina lake mali iliyobeba jina la mwingine. Nilikwenda kumtetea nikarudi nimekubaliana na Mwalimu.

Makao makuu hayakupenda mambo haya, na kusema kweli walikuwa na hoja. Daktari mmoja alitumwa kutukagua. Aliuliza mtihani huu una alama ngapi, unasahihishwa na nani, na kama mwanafunzi akikata rufaa itasikilizwa wapi. Alikuwa mtu wa adabu na alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Mwalimu alimjibu kwa sauti ya chini:

"Daktari, karatasi naisahihisha mimi, nami simpi mtu riziki. Huu unasahihishwa na wale watakaompa."

Jibu hilo halikuwa na pa kuandikwa katika taarifa. Juni 1997 uamuzi ukaja: mwaka unaofuata mtihani wa sokoni ufutwe, wanafunzi wafanye karatasi ya saa tatu kama wenzao. Nilimwona Mwalimu siku ile akitembea uwanjani bila mkoba, na mkoba hauachi. Ilikuwa kazi ya maisha yake.

Agosti ikaja, na vurugu ambazo hakuna wa Likoni anayehitaji kusimuliwa. Majirani zetu waliotoka bara walivuka feri na watoto na magodoro, wengi wasijue kama watarudi. Mmoja wao alikuwa Margaret, fundi wa sare za shule karibu na soko. Njiani alikutana na mwanafunzi wetu Zubeida Barakat, msichana wa maneno machache aliyekuwa akijifunza kupima vitambaa na kushona dukani pale. Margaret alimtia ufunguo mkononi. Alimwambia amshikie, hajui atarudi lini, akakimbilia feri.

Wengi walimshauri Zubeida aufiche ufunguo na akae kwao. Kufungua duka la mtu aliyefukuzwa lilikuwa jambo la hatari, na kumkanya hakukuwa woga. Zubeida alikwenda kwa Mwalimu. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba asubuhi iliyofuata duka lilikuwa wazi, cherehani inalia ndani, na Mwalimu Mwanatabu ameketi mlangoni juu ya kigoda na buibui lake, chini ya kibao chenye jina la Margaret. Jirani mmoja alimsihi walifute jina lile kwa usalama wao. Alikataa. Alisema mwenye duka ni huyo.

Siku ya tatu walikuja vijana watatu, mmoja ameshika nondo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na sikuvuka, nalisema bila haya. Mwalimu hakuinuka. Alimtaja kila mmoja kwa jina la mamake, kisha akawatazama, akingoja. Pwani hii kijana hawezi kutazamwa na mama wa umri ule bila kumwamkia. Wakasema shikamoo, mmoja baada ya mwingine, hata mwenye nondo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, akamuuliza mwenye nondo kama mguu wa nyanyake umepona. Kijana akasema umepata nafuu. Baada ya hapo hawakujua la kufanya, wakaondoka. Nimesoma vitabu vingi vya uongozi wa biashara, na sijakuta sura inayofundisha jambo lile.

Muhula wa tatu wa shule ulipofunguka, kina mama wa Likoni walikuja kununua sare pale pale walipozoea. Zubeida alishona, akauza, akanunua vitambaa vingine kwa mauzo yale, na wenzake wakapokezana kumsaidia. Mwalimu aliketi mlangoni kila alasiri baada ya vipindi mpaka mji ulipotulia.

Margaret alirudi Januari. Aliniambia mwenyewe kwamba alivuka feri akitaraji majivu, au jina la mtu mwingine mlangoni. Alikuta kibao chake. Hakuingia. Alisimama nje kama mpita njia, akauliza sketi ya darasa la nne ni kiasi gani. Zubeida, ameinamia cherehani, hakumtambua sauti. Akamtajia bei, ile ile aliyoiacha Margaret mwezi wa Agosti, bila kuongeza wala kupunguza, akamkaribisha aje achague.

Margaret akashika mwimo wa mlango. "Hiyo ni bei yangu," alisema, na alilia mpaka majirani wakatoka.

Habari zilifika makao makuu zenyewe. Daktari yule alirudi mwezi Machi, akaenda dukani bila kutuarifu, akaketi na Margaret asubuhi nzima. Alipotoka alimuuliza Mwalimu jambo moja tu, kwamba Zubeida apewe alama gani. Mwalimu akasema apewe kama wote waliopita mbele yake: amefaulu. Duka ama umeachiwa ama hukuachiwa. Uamuzi wa Juni ukabatilishwa. Karatasi ya saa tatu ipo, nami naiunga mkono, lakini sasa inafanywa pamoja na mtihani wa sokoni, na tunaambiwa matawi mengine mawili yanataka kuuiga. Nawaonya kwamba utawachukua muda.

Sherehe ya kumuaga itafanyika ukumbini Alhamisi tarehe 26, baada ya swala ya adhuhuri. Wafanyabiashara wa soko la Likoni wametuarifu kwamba watakuja wote, hata yule mzee wa vitunguu, na imebidi tuazime viti msikitini na kanisani. Margaret ndiye atakayesema kwa niaba yao.

Mwalimu Mwanatabu, tunakushukuru kwa miaka yote, na kwa kutufundisha na sisi walimu tuliodhani tumehitimu. Mungu akujaalie afya na umri mrefu, Mtongwe ikupokee kwa furaha, na minazi ya wazee wako ikuzalie vyema. Utuwie radhi kwa jambo moja. Wanafunzi wa darasa lako la mwisho hutawaona ukumbini siku hiyo, hata mmoja. Wote watakuwa sokoni, wameachiwa maduka.

Jefwa, Idara ya Uhasibu