Mzee Simeo Kaleb Shemsanga, Aliyejifunza Kucheza Akiwa na Miaka Sitini na Saba

Mzee Simeo alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 kijijini Bungu, Korogwe, mtoto wa tatu wa marehemu Kaleb na Raheli Shemsanga. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Bungu mwaka 1967, hodari wa hesabu na mchoyo wa maneno.

Mwaka 1972 aliajiriwa reli, akafanya kazi stesheni ya Mnyuzi hadi alipostaafu mwaka 2007. Miaka yote hiyo hakuruhusu treni itoke kabla stesheni ya mbele haijajibu simu.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Yuditha, aliyetangulia mwaka 2015. Walijaliwa Frank na Glory. Aliwalisha, akawavisha, akawasomesha. Kucheza nao, hapana. Aliamini mtoto huongeleshwa akishajua kuongea, na salamu yake ilikuwa "Umekula?" Glory alimheshimu sana na, ukweli usemwe, alimwogopa.

Mwaka 2019 Glory, mwalimu wa Handeni mjini, aliachwa ghafla na msichana wa kazi, mwanawe Kaleb akiwa na miezi saba. Mzee Simeo akafunga begi, akaenda kulea. Uji kwa saa, nepi kwa saa; mtoto aling'aa. Lakini "agu, agu" zake zikaanza kupotea, na Glory akawaza kuacha kazi.

Kliniki, nesi Hamisa alimpima mtoto masikio, akayakuta mazima. Akamgeukia babu.

"Shikamoo mzee. Mchana kutwa mnaongea nini?"

"Marahaba. Na nani?"

"Si na mjukuu wako!"

"Huyu? Hajui kitu."

"Anajua kukungoja, babu. Akisema 'agu', mjibu 'agu', kisha nyamaza umpe zamu. Jifunike kanga, muulize babu yuko wapi. Akili yake inakua hivyo hivyo."

Mzee alifikiri. "Kumbe ni simu ya stesheni. Unauliza, unangoja ujibiwe."

Basi, kazi ikaanza. Jirani Shamsia alimkuta mzee mzima wa kanisa mkekani, kanga kichwani, akiita "Babu yuko wapi?" Akamkimbilia Glory: "Mwalimu, baba yako mzima kweli?" Alikuwa mzima. Siku ya tatu Kaleb alicheka kwa sauti, na wiki chache baadaye akawa anaivuta kanga mwenyewe. Glory hakuacha kazi. Ila kila jioni alisimama mlangoni bila kubisha hodi, akiwatazama, anacheka huku machozi yanamtoka. Leo Kaleb yuko darasa la kwanza, na mwalimu wake anatafuta namna ya kumnyamazisha.

Mwaka jana moyo wa Mzee Simeo ulianza kudhoofika, akalazwa hospitalini Korogwe mara tatu. Siku mbili kabla ya mwisho alimwita binti yake.

"Glory mwanangu, wewe sikukuchezesha. Nisamehe."

"Baba, mlipokuwa mnacheza nilikuwa mlangoni. Na mimi nilichezeshwa."

Akamshika mkono, hakuuachia hadi usingizi ulipompitia. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto wawili, Frank na Glory, na wajukuu watano. Kaleb aliomba yeye ndiye asome wasifu huu. Familia imemkatalia, ili babu azikwe kabla jua halijazama.

Mungu ampe mzee wetu pumziko la amani. Amina.