Bi Ersilia na Vigae vya Shimo la Tisa

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bi Ersilia Bartoccini anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mnivumilie nikishindwa.

Alianza hapa Orvieto, kwenye stoo yetu ya mambo ya kale, kwa kuosha vigae vya vyombo vya udongo kwa mswaki. Watu wa kale wa mji huu walichimba mashimo ya taka chini ya nyumba zao, wakatupa humo kila sahani na jagi lililovunjika. Kazi yetu ni kuvitoa vigae hivyo na kuviandika namba na shimo vilikotoka. Haikupita miaka mitatu, Bi Ersilia akawa anatazama kipande kisichozidi ukucha, chenye kijani na kahawia juu ya mng'ao mweupe, anakwambia kimetoka shimo gani. Akikwama, alikilamba pale kilipovunjika, asikie udongo unavyoganda ulimini. Daktari alipomkanya, alijibu, "Waliokula humu wamekufa miaka mia sita iliyopita, daktari. Wataniambukiza nini, mafua?"

Mchoraji mmoja wa zamani alichora ndege wenye makengeza. Bi Ersilia alimwita Kengeza, na kila alipomkuta kwenye kigae alimfokea kama shemeji mlevi: "Umekunywa tena, we mzee!"

Sasa lile jambo. Kila mtu hapa analijua, basi niliseme mwenyewe. Miaka sita iliyopita bomba lilipasuka stoo. Makreti sitini na moja ya shimo la saba na la tisa yalilowa, lebo za karatasi zikawa uji, na vigae vilikuwa bado havijaandikwa namba. Hata hivyo hakuna kilichopotea, maana rafu ya kushoto ilikuwa ya shimo la saba, ya kulia ya la tisa. Mimi, kwa kiherehere changu cha kusaidia, nikavimwaga vyote kwenye wavu mmoja ili vikauke.

Kigae kisicho na shimo lake ni kokoto. Nilisubiri matusi. Bi Ersilia aliangalia ule mchanganyiko, akasema, "Niletee kiti, mwanangu." Akakaa, akaokota cha kwanza, akakilamba.

Alikaa hapo miaka sita. Mkate wake wa mchana aliulia hapo hapo, likizo mbili hakuzichukua. Makreti arobaini na manne ameyarudisha kwenye mashimo yake, kigae kwa kigae. Yamebaki kumi na saba. Aliomba aongezwe mwaka mmoja, akakataliwa. Nafasi yake haitajazwa, na hakuna mwingine anayeijua kazi ile.

Ijumaa iliyopita alichukua kalamu ya wino. Nilimshikia vifuniko. Juu ya kila kreti kati ya yale kumi na saba aliandika: "Shimo halijulikani." Neno hilo hakuwahi kuliandika katika miaka thelathini na minane. Kwenye la mwisho alimwona ndege wa Kengeza juujuu, akamtoa, akaniwekea kiganjani. "Huyu wa tisa," alisema. "Mwandike." Nikamwandika. Kisha akavaa koti lake.

Jana nilikilamba kigae kimoja. Nilisikia udongo tu.

Bi Ersilia, asante, na unisamehe. Pumzika vema, mama, ule mlo wa moto mezani kama watu wengine, na afya isikupungukie. Ukipita mjini, karibu nyumbani kwangu. Stoo usiingie.