Norma Zattoni na Kodiani ya Delmo

Siku ya soko hapa Lugo, mji wetu mdogo wa Italia, benchi letu mbele ya baa ya Ivana huwa na kelele za kufukuza njiwa. Leo tulikaa kimya. Terzo, tunayemwita Redio kwa kuwa hana habari asiyoijua, alinunua gazeti la wiki kibandani akakuta wametia diski ndani: nyimbo bora za Norma Zattoni. Norma wetu! Yule tuliyekuwa tukimzomea kwenye ukumbi wa dansi enzi zile, kwa kuwa aliuvuta wimbo taratibu, nyuma ya mdundo, nasi tukakanyagana tukicheza dansi ya mazurka. Ivana akaiweka diski. Sauti na gitaa, basi. Nilisahau hata kahawa yangu. Delmo, aliyekuwa akimpigia kodiani, alilia waziwazi.

— Jamani, Redio akanong'ona, sauti hii ilikuwa hapa? Hapa hapa kwetu?

— Ilikuwa hapa, akasema yule tunayemwita Askofu, ambaye hajatia mguu kanisani tangu aoe. Sisi tulikuwa tunaisikiliza kwa miguu.

— Mimi ndiye niliyemfunika, Delmo akasema. Wachezaji walilalamika, nikaivuta kodiani kwa nguvu mpaka asisikike. Akashuka jukwaani katikati ya wimbo. Sikumwona tena.

— Usijitese, mzee mwenzangu. Ungejuaje?

— Nilisimama ubavuni pake, Redio! Nani angejua kama si mimi? Kama yu hai, nataka nimwombe radhi. Sina haja nyingine.

— Yu hai huyo. Yuko Ajentina. Binamu ya mke wangu alimwona anauza tambi.

— Tambi gani! Askofu akadakia. Aliingia utawa. Sauti ile haiolewi.

— Mtawa na lile gauni jekundu?

— Mtawa wa siri! Baba Mtakatifu akikosa usingizi, unadhani anaimbiwa na nani?

— We Askofu, umetia nini kwenye hiyo kahawa?

— Pombe ya grapa. Kama kila siku.

Nami nikachomekea langu, sikutaka kupitwa:

— Warusi walimchukua. Mtu anakaa angani miezi na miezi peke yake kwenye kile chombo chao. Mnadhani nani anamwimbia asirukwe na akili?

— Nyamazeni! Delmo akafoka. Mtu anaimba hivi, nyinyi mnapayuka. Mnamfunika kama mimi! Ivana, zima, hawa hawastahili.

Ivana akazima. Tukaona aibu, kila mtu akaangalia kikombe chake. Ndipo mwanamke mmoja tusiyemjua akavuka barabara mbiombio, aproni bado kiunoni.

— Samahanini, wazee wangu. Tumehamia jana, hapo juu ya duka la dawa, mimi na shangazi yangu. Miguu haimruhusu kushuka. Amezisikia nyimbo zake.

Sote tukainua macho. Dirishani palikuwa na bibi mwembamba, mvi tupu, ameegemea mto kwa viwiko, anatutazama.

— Ana swali moja tu, mwanamke akasema. Yule aliyekuwa akimpigia kodiani, bado yu hai?

Delmo alikuwa amesimama, kofia ameibana kifuani kwa mikono miwili, na hakuweza kusema kwamba yupo.