Mazabodi Mpya kwa Katuni ya Ijumaa

Mkunga aliyetoka zamu alipanda treni akidhani atasinzia, lakini usingizi ulimruka. Kiti cha mbele, mama mshonaji alikuwa amepakata boksi la mazabodi mpya, ile bodi kuu ya kompyuta, akimweleza fundi kompyuta ambaye ndiyo kwanza amekutana naye. “Binti yangu katengeneza katuni ya dakika nne, na imekubaliwa kuonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema Ijumaa. Kompyuta inazimika kila ikifika dakika ya tatu, ndiyo maana nimemnunulia bodi mpya.”

“Hongera, dada. Ila bodi hii haipokei prosesa ya kompyuta yenu ya zamani wala memori yake. Umenunua kifungo, sasa kitafutie shati. Ikizimika hivyo, mara nyingi ni joto. Mmeifuta vumbi lini?”

“Kaka, mtoto kabakiwa na siku tatu, wewe unaniletea habari za ufagio?”

Mkunga akabana kicheko. Alikuwa upande wa fundi, ila kwa jinsi boksi lile lilivyopakatwa, asingethubutu kumwambia yule mama.

Treni ikasimama, mama akashuka mbio. Fundi, aliyekuwa anakwenda mwisho wa reli, akanyakua mkoba wake wa bisibisi na kumfuata. “Dada, nipe nusu saa tu niifungue kwanza!”

Mlango ukafungwa. Mkunga akawaona kupitia kioo wakipanda ngazi, bado wanabishana, wote wawili karibu wakimbie.