Jani la Isale Kituoni

Ndugu zangu wa jumuiya, nianze na ujinga wangu kabla jirani yangu pale mlangoni hajanitangulia. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, nilisaini karatasi ya polisi bila kuisoma. Sababu? Niliogopa kukosa basi la kurudi nyumbani.

Mnanijua, nikitoka nje ya migomba yangu napata homa. Siku zile za msako wa magendo ya kahawa, polisi walikuta magunia matatu darini kwangu. Kahawa yangu mwenyewe, inasubiri kituo cha ununuzi kifunguliwe! Wakayabeba, wakaniambia nifike kituoni Moshi kesho yake.

Sasa sikieni akili yangu. Hapa kwetu mtu akidhani umemkosea, unampelekea jani la isale, mnapatana, yamekwisha. Basi nikachuma isale nikaenda nalo polisi! Nikamkabidhi askari kwa mikono miwili.

"La nini hili?"

"La kuomba radhi, afande. Tuyamalize."

Askari, mgeni wa huku, akatabasamu, akaandika. "Weka sahihi hapa." Nikaweka, tena kwa mbwembwe.

Basi la kurudi nyumbani sikulipanda. Nilikaa mahabusu siku tano, nikiwaza nani anamkatia ng'ombe wangu majani. Mwendesha mashtaka alipopita nikamwuliza kosa langu.

"Umekiri magendo mwenyewe, halafu unaniuliza mimi?"

Nawaambia, hadi leo inanichoma! Magendo ni kifungo, na kila niliyemweleza habari ya jani alicheka.

Aliyenifumbua macho ni mahabusu mwenzangu, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. "Mdogo wangu, hukulazimika kusema neno, wala kusaini usichokisoma. Na hawawezi kukuweka humu wapendavyo. Dai hakimu. Ukifika kwake, usikiri tena kwa adabu."

Kwa adabu! Hapo nikaujua ugonjwa wangu. Kila mlango ulipofunguliwa nilidai hakimu, mpaka wakanichoka.

Mahakamani nikasema, "Si kweli, mheshimiwa. Jani lile ni la amani, sikukiri kosa." Mke wangu na balozi wa nyumba kumi wakaeleza kahawa ilichumwa wapi.

"Ulisoma kabla ya kusaini?" hakimu akauliza.

"Hapana."

"Una elimu gani?"

Nikajibu kwa sauti ndogo. Wakacheka wote, hata mwendesha mashtaka. Nikaachiwa. Magunia yalirudi yameota ukungu, na hakuna aliyeniletea mimi isale.

Namshukuru yule karani, mke wangu, balozi, nanyi mliomlisha ng'ombe. Ndugu zangu, askari mheshimu, lakini uliza unashtakiwa nini, soma, na usipokubali usisaini. Hiyo ni haki yako, humwombi mtu radhi kwa kuidai.

Nilipofika nyumbani siku ile, jirani yangu huyu alinitazama juu hadi chini, akasema: "Jani ulilibeba mpaka mjini, akili ukaiacha huku migombani."