Risala ya Mafundi wa Matangi: Chuma Kimoja, Majina Manne

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, uliyekuja kutuzindulia tangi la maziwa. Wakubwa mliofuatana naye. Na nyinyi wenzetu mliopanda juu ya mabenchi ili mwone vizuri:

Karibu, na pole kwa safari

Kwa furaha ambayo hata kofia zetu ngumu zimeshindwa kuifunika, sisi mafundi wa karakana ya matangi tunakukaribisha. Tunajua umetoka mbali. Kutoka ofisini kwako mpaka hapa ni ngazi sitini na mbili. Tumezihesabu wenyewe, maana kwa miaka tisa ya uongozi wako tumezipanda sisi tu. Leo umezishuka wewe, na mwenye wivu ajinyonge!

Historia fupi, kwa wenye kumbukumbu fupi

Karakana hii ilianza na mashine moja ya kukunja na mwanamke mmoja mwenye ufunguo. Mashine ilishakufa, mwanamke yupo. Ni mtunza stoo wetu, dada wa fundi mkereza, na sote tunamwita Shangazi. Shule aliishia darasa la saba, kama aliyeandika risala hii, lakini kwa miaka ishirini na mmoja hakuna lebo iliyopita mlangoni pake bila kusomwa.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ni msafiri, na kila nchi humpa jina. Ile tunayojengea matangi, Mmarekani anaiita 304. Namba hiyo ni kama ya foleni: haikwambii ndani mna nini, ila kwamba ni ya ukoo wa mia tatu, wenye kromi na nikeli. Mjapani huichukua namba ileile, akaivisha herufi SUS mbele. Ulaya wanaandika 1.4301. Mchina anaandika 06Cr19Ni10, jina la mtu asiye na siri: kaboni kiduchu, kromi asilimia kumi na tisa, nikeli asilimia kumi, mifuko yote imepinduliwa nje. Vipimo vya nchi na nchi hupishana kwa unywele. Ndiyo maana Shangazi haishii kwenye jina. Husoma cheti cha kiwandani kinachokuja na kila shiti, yaani bamba la chuma, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia.

Mafanikio

Hilo hapo nyuma yako. Lita elfu tano, na mshono wake nzi akitua anateleza. Hatuna la kuongeza.

Changamoto

Tulikuwa nazo kumi na nne. Tumezifuta kumi na tatu ili hii moja ipate nafasi ya kujinyoosha.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, mvua ikipiga paa, sisi hatusahau. Mkaguzi wa ubora aliingia stoo na kalamu mbili mfukoni.

"Shangazi, oda inasema 304. Shiti hizi zimeandikwa 1.4301. Au mimi kipofu?"

"Si kipofu, baba. Mgeni tu. Hilo ndilo jina lake la Ulaya."

"Kwa hiyo chuma nacho kina pasipoti?"

"Na cheti cha kuzaliwa kinacho. Kisome: kromi kumi na nane, nikeli nane. Wewe unasoma kofia, mimi nasoma kichwa."

"Mimi nasoma kilichoandikwa!"

Shangazi akamnyooshea kidole kaka yake, aliyekuwa akijifanya anafuta mashine. "Yule ananiita dada. Mkewe ananiita wifi. Watoto wao wananiita shangazi. Nikienda kwao kula, baba, wanaweka viti vitatu?"

Tulicheka, Mheshimiwa. Tunakiri. Mkereza alicheka mpaka akakalia grisi. Na kicheko kile ndicho kilichopanda ngazi sitini na mbili kabla yetu, maana alasiri ileile barua ilishuka: Shangazi amesimamishwa kazi kwa kuchanganya vyuma na kumdhihaki afisa. Sahihi ilikuwa yako.

Shangazi aliisoma mara mbili, kidole kikitangulia, akitafuta kilichomo ndani. Hakikuwamo kitu. Akaikunja, akavua funguo shingoni, akaenda nyumbani. Kaka yake anatuambia huko kila asubuhi huvaa ovaroli, kisha hukaa jikoni akigeuza vijiko kusoma visogo vyao. "Njoo uone," alimwita siku moja. "Kumi na nane juu ya kumi. Kromi na nikeli. Hata kijiko kinanielewa!" Alikuwa anacheka, lakini macho yamejaa. Kijiko cha chai yako kigeuze, Mheshimiwa, pengine nacho kina la kusema.

Huku nyuma, ukaguzi uliendelea na ushujaa wake. Zikaja shiti za SUS 304. "Huyu Susi ni nani? Rudisha!" Zikaja za 06Cr19Ni10. "Hii ni namba ya simu. Rudisha!" Miezi mitatu mteja wa maziwa akituuliza tangi liko wapi. Mwishowe zikaja shiti zilizochapwa 304, halafu alama ya mkwaju, halafu 1.4301. Majina yote mawili, shiti moja, mstari mmoja! Mkaguzi akasoma mpaka kwenye mkwaju, akatosheka, akapiga muhuri. Sisi tukaingia nyuma ya kontena tukashikana mikono tukaruka kama watoto.

Tangi unalozindua, Mheshimiwa, limejengwa kwa shiti hizo. Kipande chenye maandishi tulikiacha makusudi bila kung'arishwa, karibu na mguu wa kushoto. Ukiinama kidogo utakiona. Kuinama hakuumizi, sisi tumezoea.

Ombi

Ni moja. Mrudishe Shangazi stoo, na barua ile ifutwe kwa sahihi ileile iliyoiandika.

Kabla hujajibu, pokea zawadi yetu. Ni sinia. Tumeilehemu kwa vipande vitatu vya sampuli vilivyobaki stoo: cha 1.4301 kilichomponza Shangazi, cha SUS 304 kilichokataliwa, na cha shiti iliyopigiwa muhuri. Ipitishe mkono, ipige tochi, mpe mkaguzi naye aisome kwa kalamu zote mbili. Mkituonesha kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, ombi tumelifuta, tunarudi kazini kimya.

Mkishindwa, Shangazi yuko getini sasa hivi na ovaroli yake, na mlinzi anangoja tu utikise kichwa. Dada wa mkereza, wifi wa mke wake, shangazi wa karakana nzima. Pembeni yako tumemwekea kiti.

Kimoja.

Mungu akujalie magoti mepesi ya kupandia na kushukia ngazi zile, na akili isiyoshika kutu.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Matangi: wakunjaji, walehemu, wakerezaji, wang'arishaji, na mtunza stoo mmoja.