Wanga wa Dona Eulina

Ndani ya basi la kwenda Uberlândia, Brazili, Dona Eulina, muuza mikate ya jibini, alimfungulia jirani yake wa kiti mfuko wa wanga wa muhogo, mweupe pe. "Mwaka jana askari waliutia dawa yao, ikageuka buluu, wakasema ni kokeini, nikalala rumande siku ya harusi ya binti yangu! Sasa na hicho kimashine chako cha kupimia kisije kikanitukana."

Jirani, Valdirene, mtaalamu wa maabara ya polisi, alicheka. Alikoroga wanga kidogo na maji, akaudondosha kwenye kijikaratasi kilichochomekwa kwenye kimashine kama simu. "Hiki hakitazami rangi, mama. Kinapima umeme, na kokeini ina alama yake."

Basi zima tulikikodolea macho, hata dereva, ambaye alipaswa kutazama barabara.

"Hakuna kokeini!" Valdirene alitangaza.

Tulipiga makofi. Dona Eulina aliinuka akatupungia kama mgombea ubunge, kisha akakaa, akanuna. "Kimesema kisichokuwemo. Mbona hakisemi kwamba huu ndio wanga mtamu kuliko wote katika jimbo letu la Minas?"

"Hilo hakilijui, mama."

"Basi hakijamaliza shule!"

"Kingekuwepo mwaka jana, harusini ungefika."

"Ningefika, ndiyo. Lakini bado hakijui kitu!"

Basi likasimama. Dona Eulina akachomoa mkate kikapuni, akamtia Valdirene mdomoni. "Haya, pima na huu."